Paa, Thumni na Uji wa Mtama: Jinsi Vitendo Vinavyomfichua Mhusika wa Ngano

Utangulizi

Wahenga walisema tabia ni ngozi ya mwili. Hawakutuambia ngozi hiyo huonekana lini, maana binadamu hujifunika nguo. Mwandishi wa riwaya ana njia nyingi za kumvua mhusika wake nguo hizo: humwingia moyoni akatusomea mawazo yake, humwandikisha barua, humwotesha ndoto, humfanya azungumze peke yake usiku kucha. Msimulizi wa ngano hana njia hizo, au tuseme anazo chache mno. Ameketi mbele ya watoto waliokwisha kula, macho yao mazito kwa usingizi, na anatakiwa aonyeshe upesi nani mwema na nani mbaya. Basi anafanyaje? Anampa mhusika jambo la kufanya, halafu anatuacha tutazame.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi njia hiyo inavyofanya kazi. Sitazungumzia ngano zote za dunia, maana huko ni kutaka kuteka bahari kwa kata. Nitashika ngano moja ya Unguja, ile ya maskini na paa wake, niichimbe mpaka chini, halafu niilinganishe kidogo na ndugu zake wa Italia na Ufaransa. Nimeichagua kwa sababu kila inapojadiliwa huzuka ubishi ule ule: je, yule maskini alibadilika baada ya kupata mali, au alikuwa hivyo hivyo tangu jaani? Nadhani ubishi huo unaweza kuamuliwa. Lakini hauamuliwi kwa kupandisha sauti. Unaamuliwa kwa kuhesabu vitendo kimoja kimoja.

Bapa, ndiyo, na baada ya hapo?

Tunapoanza kusoma uhakiki, mapema sana tunakabidhiwa maneno mawili: mhusika bapa na mhusika duara. Maneno haya yana asili yake. Mwingereza E. M. Forster ndiye aliyeyatumia, kwa lugha yake, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1927, na alikuwa akizungumzia riwaya. Sisi tumeyachukua tukayavusha hadi kwenye ngano bila hata kuyauliza pasipoti. Matokeo yake, karatasi zetu za mtihani zimejaa sentensi moja: wahusika wa ngano ni bapa, hawakui. Hapo mwanafunzi anaweka nukta na kuhamia swali la pili, kana kwamba amekwisha eleza kitu.

Sikatai kwamba sungura ni mjanja toka mwanzo hadi mwisho, wala kwamba fisi ni mlafi mpaka anapasuka msamba kwenye njia panda. Lakini kusema mhusika ni bapa ni kusema amekosa nini. Hatujasema ana nini. Mswisi Max Lüthi, katika kitabu chake cha mwaka 1947 juu ya ngano za Ulaya, alieleza kwamba kukosa undani kwa watu wa ngano si udhaifu wa msimulizi, bali ni mtindo wa utanzu wenyewe. Kile ambacho kwetu sisi kimo ndani, katika ngano hutolewa nje kikawa kitu au tendo. Mhusika hasemwi kwa kirefu kuwa ana huruma. Anagawa mkate wake, basi.

Mrusi Vladimir Propp alikwisha pita njia ya karibu na hiyo mwaka 1928. Alichukua ngano mia moja kutoka mkusanyiko wa Afanasyev, akaona kwamba majina na sura za wahusika hubadilika lakini yale wanayoyatenda hujirudia. Akahesabu kazi 31 za msingi, akazigawa katika nyanja 7 za utendaji: adui, mtoaji, msaidizi, binti mfalme pamoja na baba yake, mtumaji, shujaa, na shujaa wa uongo. Kwa Propp humtambui shujaa kwa upanga alioushika, bali kwa kazi anayoifanya katika mnyororo wa hadithi. Na karne nyingi kabla ya hao, Aristotle alikwisha sema kwamba katika tanzia tendo hutangulia tabia, na tabia huonekana pale mtu anapochagua. Neno hilo, kuchagua, naomba ndugu msomaji ulishike mkononi. Tutalihitaji.

Hata hivyo, kwa shughuli yetu ya leo Propp peke yake hatoshi. Anatuambia kitendo kina kazi gani katika hadithi, lakini hatuambii kinafichua nini juu ya mtendaji. Chakula kimetolewa, sawa. Lakini kimetolewa na nani, mwenye kiasi gani, na je, alikuwa na uwezo wa kutokitoa? Hapa ndipo msimulizi wa Unguja anapotupita sote.

Kisa chenyewe

Kisa hiki kilichapishwa London mwaka 1870 katika mkusanyiko wa Edward Steere wa hadithi zilizosimuliwa na watu wa Unguja, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande wa pili. Humo kimo ndani ya hadithi ya Sultani Darai. Mwaka 1901 Andrew Lang alikiingiza katika kimojawapo cha vitabu vyake vya ngano vyenye majina ya rangi, na mwaka huo huo George Bateman alichapisha Chicago masimulizi mengine ambamo maskini anaitwa Hamdani na paa anaitwa Kijipaa. Yapo yanayotofautiana, lakini mifupa ni hii.

Paliondokea maskini mmoja, hana hanani, kazi yake kuchakura jaani kama kuku atafute punje za mtama. Siku moja katika kuchakura akaokota thumni, yaani sehemu ya nane ya riale. Akapita mtu anauza mapaa katika tundu. Maskini akamwita. Watu wakacheka: huyu mchakura jaa atanunua kwa nini? Akatoa thumni yake, akachukua paa mmoja. Tangu siku hiyo punje alizozipata asubuhi na jioni akawa anagawana na paa wake.

Siku zikapita, usiku mmoja paa akasema. Akamwambia bwana wake: wewe huna cha kunilisha, niache niende malishoni mchana, jioni nitarudi. Maskini kwa shida akakubali. Paa alipoondoka akalia sana, na watu wakamcheka kwa mara ya pili. Jioni paa akarudi. Ikawa ndiyo desturi yao, mpaka siku paa alipokuta almasi chini ya mti. Akawaza: nikimpelekea bwana wangu, watu watasema ameiiba, watamuua. Akaipeleka kwa sultani wa mji wa mbali, akasema imetoka kwa bwana wake Sultani Darai anayeomba kuoa binti wa sultani.

Yaliyofuata mnayajua. Paa alimpeleka bwana wake mtoni, akampiga, akamwacha bila nguo, kisha akakimbia kwa sultani akasema bwana harusi ameporwa njiani. Sultani akatoa mavazi na farasi, harusi ikafungwa. Paa akatangulia kutafuta nyumba ya kumleta biarusi. Akafika mji mkubwa usio na watu, akakuta nyumba ya fahari na ndani yake bibi kizee mmoja tu. Mwenye nyumba alikuwa nyoka wa vichwa saba. Paa akamkata vichwa vyote kwa upanga, kisha akarudi kumchukua bwana wake na mkewe, akawakabidhi nyumba, mali na mji.

Wakakaa raha mustarehe. Paa akawa anawaza moyoni: tangu tumeingia nyumba hii, bwana wangu hajaniuliza hata siku moja nyumba hii niliipataje. Kisha akaugua. Akamtuma bibi kizee akamwambie bwana kuwa hali yake ni mbaya. Bwana akajibu apikiwe uji wa mtama mwekundu. Mkewe akashtuka, akasema huyu ndiye aliyetufikisha hapa, mpe japo wali. Bwana akasema kwani paa huyu si alinunuliwa kwa thumni? Bibi kizee akarudi kwa paa analia. Akatumwa tena, na jibu likawa lile lile. Mke kwa siri akatoa wali na vitu vyake mwenyewe vya kumtunzia mgonjwa, lakini paa akafa. Watu wakalia, bwana akawauliza mnamlilia mnyama? Akaamuru atupwe kisimani. Mke akampelekea baba yake habari. Sultani akaja na watu wake, wakamtoa paa kisimani, wakamzika kwa heshima.

Usiku ule mke akaota yuko kwao. Alipoamka, kweli yuko kwao. Na mume akaota anachakura jaani. Alipofumbua macho, kweli yuko jaani, mikono imo mavumbini, na watoto wanapita wanamcheka: ulikuwa wapi siku zote hizi, tulidhani umekufa.

Mizani ya vitendo

Sasa tuhesabu. Ngano haisemi popote, kwa maneno yake yenyewe, kwamba mtu huyu ni mbaya. Inatupa vitendo na kutuachia hukumu. Mimi naona inatupa pia mizani ya kuvipimia vitendo hivyo, yenye mawe matatu.

Jiwe la kwanza ni uhuru. Tazama jinsi maskini anavyosukumwa katika sehemu kubwa ya hadithi. Paa anasema twende, anakwenda. Paa anasema lala nikupige, analala. Anavishwa, anaozwa, anapewa nyumba. Hajachagua chochote. Kwa muda wote huo hatuwezi kusema lolote la uhakika juu ya moyo wake, kwa sababu aliyeshika usukani ni paa. Anapokuja bibi kizee na habari za ugonjwa, kwa mara ya kwanza tangu siku ya thumni bwana huyu anatakiwa aamue jambo mwenyewe. Ghala limejaa, watumishi wapo, hakuna anayemlazimisha. Hapo Aristotle angekaa vizuri kitini.

Jiwe la pili ni kadiri ya kile mtu alichonacho. Uji wa mtama kwa mgonjwa si kosa kwa wenyewe. Katika nyumba nyingine ungekuwa ukarimu mkubwa. Kule jaani punje chache za mtama zilikuwa nusu ya chakula chote cha siku, na zilipogawanywa zilikuwa na uzito wa ng'ombe mzima. Katika nyumba ya wali mtama ule ule unakuwa tusi. Msimulizi amefanya jambo la akili sana: chakula hakubadilisha, alibadilisha nyumba. Mtama wa mwanzo na mtama wa mwisho ni mmoja, na ndiyo maana tunaweza kuvipima vitendo viwili kwa ratili moja.

Jiwe la tatu ni marudio. Katika ngano tumezoea mambo kutokea mara tatu, na kwa kawaida tunaandika kwamba ni kwa ajili ya kumbukumbu ya msimulizi au kuongeza mvuto. Ni kweli, lakini si hilo tu. Bibi kizee anaporudishwa kwa bwana, marudio yanaziba mlango wa udhuru. Mara ya kwanza unaweza kusema hakuelewa, au alikuwa na shughuli. Mara ya pili, mkewe amekwisha mkumbusha wazi, hana pa kukimbilia. Tendo la mara moja laweza kuwa bahati mbaya. Likirudiwa mbele ya ushahidi huwa ni yeye mwenyewe.

Tuongeze kwamba kutotenda nako ni tendo. Kabla ya uji kuna swali ambalo halikuulizwa: nyumba hii umeipataje? Paa analigundua pengo hilo mapema kuliko sisi. Mtu anayepewa mji mzima asiulize umetoka wapi, huyo amekwisha amini kwamba ulikuwa wake tangu zamani.

Je, alibadilika?

Tumefika kwenye ubishi wetu. Kundi la kwanza husema mali ilimharibu: jaani alikuwa mwema, akagawana punje, akalia paa alipoondoka, alipopata cheo akasahau. Kundi la pili hujibu kwamba tabia ni ngozi, alikuwa na roho hiyo tokea mwanzo ila umaskini uliificha. Kundi la kwanza lina ushahidi, kwa sababu punje ziligawanywa kweli. Kundi la pili lina kanuni ya utanzu, kwa sababu mhusika wa ngano, kama tulivyofundishwa, habadiliki. Nani mkweli?

Jibu langu ni kwamba makundi yote mawili yanachukulia kuwa tendo la kwanza na tendo la mwisho yalipima kitu kimoja. Siyo. Kule jaani maskini alikuwa mtoaji. Alikuwa amemnunua paa, anamlisha, ndiye bwana hata kama ufalme wake ni mavumbi. Kutoa kunamkweza mtoaji, hata akitoa punje moja. Kule katika nyumba ya fahari mambo yamepinduka: yeye ndiye aliyepewa, na mpaji ni mnyama aliyemnunua mwenyewe. Jaa lilipima ukarimu wake, akafaulu. Nyumba ilipima shukrani yake, akaanguka. Ukarimu na shukrani si tabia moja. Wapo watu, na tunawajua, wanaokupa shati lao la mwisho lakini hawawezi kusema ahsante kwa mtu waliyemwona mdogo.

Kwa hiyo hakubadilika, wala hakuwa mnafiki tangu mwanzo. Sehemu hiyo ya nafsi yake ilikuwa haijawahi kuulizwa swali. Ushahidi wangu ni ile hoja ya thumni. Mbona katika siku zote za maisha yao anakimbilia siku ile ya sokoni? Kwa sababu ndiyo siku ya mwisho ambayo alikuwa juu ya paa. Almasi, sultani, nyoka wa vichwa saba, yote yanamweka chini, ni deni juu ya deni. Akitaja bei anafuta daftari la madeni na kurudi kuwa mnunuzi. Neno moja tu la fedha limetuonyesha kile ambacho mwandishi wa riwaya angehitaji sura nzima kukieleza. Na bado tunamwita bapa!

Uongo wa paa na ukweli wa bwana

Hapa kuna tatizo ambalo sioni likitajwa sana. Tukisema kwamba vitendo hufichua tabia, tutafanyaje na vitendo vya paa? Paa ni mwongo. Amemwita mchakura jaa sultani. Amempiga bwana wake na kuwadanganya watu kwamba kuna wanyang'anyi. Amechukua nyumba ya mwingine, ingawa ni nyoka. Ukiviandika vitendo hivi kwenye karatasi bila majina, utadhani ni wa mhalifu. Na bwana je? Aliposema paa alinunuliwa kwa thumni, alisema kweli tupu. Hakuna neno la kweli zaidi ya hilo katika hadithi nzima.

Basi msimulizi anampenda mwongo na kumwadhibu msema kweli? Hapana. Anatufundisha kwamba tendo halisomwi likiwa uchi. Linasomwa kwa kuangalia linamfanyia nini mtu wa pili. Uongo wa paa unampa bwana nafasi ya kuwa kile alichoitwa. Aliitwa Sultani Darai kabla hajawa sultani, na kama angetenda kisultani, uongo ungegeuka kweli. Ukweli wa bwana unafanya kinyume: unachukua kiumbe aliyemwokoa na kumrudisha kwenye tundu la kuuzwa. Hivyo kila mmoja anampa mwenzake jina. Paa alimpa bwana jina kubwa kuliko yeye, bwana akampa paa bei ndogo kuliko yeye. Mwisho wa hadithi bwana ndiye anayebaki na kipimo chake mwenyewe: anarudi pale palipookotwa thumni.

Tazama pia kwamba ugonjwa ule mmoja umewapima watu wengi kwa pamoja. Mke anatoa wali kwa siri, yaani anatenda bila kutafuta sifa na kwa hatari ya kumuudhi mumewe. Bibi kizee hana mali, anatoa machozi na miguu ya kwenda na kurudi. Sultani, ambaye angeweza kuona haya kumzika mnyama, anakuja na watu wake. Wahusika hawa hatukuelezwa habari zao hata kwa sentensi mbili, lakini baada ya kitanda kimoja cha mgonjwa tunawajua wote. Huo ndio uchumi wa ngano.

Ndugu zake wa Ulaya

Wataalamu wanaopanga ngano za dunia huziweka hadithi za aina hii, za mnyama anayemtajirisha bwana wake maskini, katika fungu namba 545. Aliyesoma hadithi ya Mfaransa Charles Perrault ya mwaka 1697 kuhusu paka aliyevaa viatu atakuwa amekwisha wakumbuka wote wawili. Kijana aliyerithi paka analalamika kwamba akishamla paka huyo na kutumia ngozi yake atakufa njaa. Paka anamwita bwana wake jina la kikabaila, anamwingiza mtoni, anadanganya kuwa nguo zake zimeibwa, anamshinda jitu mwenye nyumba, bwana anaoa binti mfalme. Kisha? Kisha basi. Paka anakuwa bwana mkubwa na kuwinda panya kwa kujifurahisha tu. Kijana yule wa Perrault hapimwi kamwe. Mwandishi anamalizia kwa kusifu bidii na maarifa kuliko urithi, na anaongeza kwamba mavazi, sura na ujana navyo vina kazi yake. Hilo ni somo la watu wa barazani kwa mfalme.

Mwitalia Giambattista Basile, ambaye ngano zake zilichapishwa kati ya 1634 na 1636 baada ya kufa kwake, yuko karibu zaidi na Unguja. Kijana wake Cagliuso anamwahidi paka jike kwamba akifa maiti yake itahifadhiwa kwa heshima katika tundu la dhahabu. Paka anajifanya amekufa. Mke anapompa Cagliuso habari, anaambiwa amshike mguu amtupe dirishani. Paka anainuka, anamsuta kwa maneno makali, anakwenda zake. Cagliuso anabaki bila paka, lakini na mali yake yote.

Tukiziweka tatu pamoja tunaona majibu matatu ya swali moja. Kwa Perrault, tabia ya bwana si kitu, mradi msaidizi ni hodari. Kwa Basile, tabia inafichuka na kusutwa, lakini mali na tabia ni njia mbili tofauti. Unaweza kuwa huna shukrani na ukala vizuri. Kwa msimulizi wa Unguja, nyumba yenyewe ilijengwa kwa tendo jema, hivyo tendo baya linaibomoa. Na hapa paa hasuti mtu. Kwa Basile paka anasema, kwa sababu anaishi. Paa wetu amekufa, hasemi tena, na kinachohukumu ni asubuhi.

Jaa ni adhabu ya nani?

Najua wapo watakaoniuliza: ndugu, mbona unasahau tabaka? Hoja yao ni nzito na haifai kupigwa teke. Wanasema hadithi hii inamrudisha maskini jaani na binti wa sultani ikulu; kila mtu amewekwa mahali pake pa zamani. Sultani hakupimwa kwa njaa hata siku moja. Je, ngano hii haiwaambii wachakura jaa wote kwamba utajiri hauwafai, kwamba ukimpa maskini nyumba ataonyesha ushamba wake?

Nakubali kwamba inaweza kusimuliwa hivyo, na pengine ilisimuliwa hivyo katika nyumba za wakubwa. Kumbuka Unguja ya mwaka 1870 ilikuwa na sultani wa kweli na watumwa wa kweli. Soko la watumwa la mjini lilifungwa mwaka 1873. Katika mji ambamo watu wanauzwa, swali la kiumbe kununuliwa kwa bei fulani si la mchezo. Na hapo ndipo naona hadithi inageuka na kumtazama msikilizaji wa tabaka la juu. Nani katika mji ule alikuwa na mazoea ya kusema huyu alinunuliwa kwa kiasi fulani? Si mchakura jaa. Maskini alipoingia nyumba kubwa alijifunza lugha ya nyumba kubwa, lugha ya kuwataja kwa bei wale wanaokubeba. Anayeadhibiwa ni maskini, sawa; lakini kosa lenyewe ni kosa la wenye nyumba. Nafikiri mtumishi aliyeisikia hadithi hii akiwa amekaa pembeni ya jamvi aliisikia vizuri kuliko bwana wake.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kusema vitendo hufichua mhusika ni mwanzo wa kazi tu. Tunapaswa kuuliza kila tendo maswali yake: mtendaji alikuwa huru? Ametoa kutoka katika kiasi gani? Amelirudia baada ya kukumbushwa? Limemfanya mwenzake awe mkubwa au mdogo? Na kuna jambo gani alilopaswa kulitenda lakini hakulitenda? Tukiyauliza hayo, maskini wa Unguja hawi tena mtu wa sentensi moja. Anakuwa mtu mkarimu asiyeweza kubeba deni, na nadhani wengi wetu tumekwisha kutana naye. Wengine tumekula naye meza moja.

Kwa hiyo wenzangu, tukiulizwa tena katika mtihani tufafanue wahusika wa ngano, tusiharakishe kuweka nukta baada ya neno bapa. Uso wa maji nao ni bapa, lakini ukiinama juu yake unajiona. Anayesoma kisa hiki vinginevyo, hasa anayeona mke wa sultani angeweza kufanya zaidi ya kutoa wali kwa siri, na achukue kalamu atujibu. Kurasa zipo.